Pale Ulipokatwa

Tafakari ya wiki
Masomo: Ayubu 14:7–14, Warumi 11:17–24, Yohana 12:20–26



Tumefika mwisho wa Oktoba, na kila mmoja wetu anatazama mawingu. Singida yetu ina msimu mmoja tu wa mvua. Huanza Novemba au Desemba, hukatika Aprili, na mwaka mzima tunapata kati ya milimita 500 na 800. Sasa hivi ardhi ni ngumu kama sakafu, mbuzi wanaokota maganda chini ya migunga, na akina mama wametoa mbegu kwenye madebe na vibuyu wanazichambua. Kabla hatujashika majembe, naomba tukae pamoja kidogo tuitazame kazi yenyewe ya kupanda, maana ndani yake Bwana amenifundisha jambo ambalo sikulipata chuoni.

Nianze na ua wa nyumba ya mchungaji. Mwaka jana, majira kama haya, mbuzi waliutoboa ua wetu wa minyaa. Nilikuwa nimeshaulizia bei ya waya, ndipo bibi mmoja, msharika wetu wa siku nyingi, akanikataza. Alikuja alfajiri na kisu chake. Akachagua matawi yaliyokomaa, akayakata moja moja huku uso ameugeuzia pembeni, kwa sababu utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni ni balaa. Maziwa meupe yalitiririka kwenye kila kidonda, yakadondoka vumbini. Nikachukua jembe nichimbe mashimo. Bibi akanishika mkono.

“Baba Mchungaji, usiipande leo. Kidonda bado kibichi. Ukikitia udongoni hivi kitaoza. Iache ilale kivulini kwanza.”

Akaipanga ile minyaa chini ya upenu wa jiko, mahali pasipofika jua, akaondoka. Tuliiacha hapo kama wiki moja. Aliporudi alinionyesha mahali palipokatwa: maziwa yalikuwa yamekauka, pametokea kigaga kigumu. Ndipo akaipanda. Mvua zilipokuja ilishika, na leo pengo halionekani. Siku nilipong’oa fimbo moja iliyokuwa imekaa vibaya, niliona mizizi imeanzia chini kabisa, kuuzunguka ule ule mkato.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia, na sijaona njia ya kuzidisha mmea isiyoanza na kitu kupasuka au kukatwa. Lakini nimeona pia kwamba mkato peke yake hauzai kitu. Kinachoamua kama tawi lililokatwa litakuwa kuni au litakuwa ua ni yale yanayofuata baada ya kisu. Hilo ndilo neno langu kwenu wiki hii.

Tutazame mbegu. Bwana wetu, saa yake ilipokaribia, alisema habari za punje ya ngano inayoanguka ardhini, kwamba isipokufa hubaki peke yake. Sisi ngano hatulimi sana, ila alizeti tunaijua. Mbegu ya alizeti ghalani haijafa, imelala. Ikipata unyevu hunywa maji, huvimba, ganda lake hupasuka. Na kitu cha kwanza kutoka ni mzizi, unaokwenda chini gizani. Jani hufuata baadaye. Siku ambazo mkulima anapita shambani haoni kitu na moyo unamdunda, ndizo siku ambazo kazi kubwa inafanyika. Kisha asubuhi moja miche inasukuma udongo, na mingine hutoka bado imevaa lile ganda kichwani kama kofia. Watoto wetu hupenda kulivua. Chini yake kuna vijani viwili vinene, na hivyo ndivyo chakula alichowekewa mtoto na mama yake. Humlisha mche mpaka ujitegemee, halafu vyenyewe hunyauka na kuanguka.

Kwa hiyo punje haipotei hivi hivi. Inatumika. Kila alichokuwa nacho mama yule kilitoka kwake kikaingia kwa mwana. Naandika haya nikiwafikiria wazazi wa usharika huu waliouza ng’ombe mmoja baada ya mwingine ili mtoto asome, na leo nguo ya ibada ni ile ile. Mlichokitoa hakijazikwa bure. Mimi nimeiona miche yenu.

Tutazame sasa viazi vitamu. Hapa mbegu haitumiki, tunapanda marando. Mama anakata rando la urefu wa kama mguu mmoja, analaza sehemu kubwa udongoni, na kwenye kila kifundo kilichofunikwa mizizi inatoka. Shida yetu ni kiangazi. Kati ya Mei na Novemba marando hukauka, na asiye na bonde lenye unyevu hana cha kupanda mvua zikija. Wako akina mama wanaochagua viazi vidogo vizima, visivyo na fukuzi, wakavipanga kwenye beseni la mchanga mkavu, tabaka juu ya tabaka, visigusane, beseni likakaa ndani penye ubaridi. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua wanavitoa, wanavipanda kitaluni karibu na nyumba na kuvimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Mvua ikigonga bati, wao tayari wana marando ya kukata, na bado wanawagawia majirani. Tazameni hilo: rando halipungui kwa kukatwa. Kitalu kikikatwa vizuri huchipua tena, na mama mwenye kugawa ndiye anayekuwa na marando mwaka hadi mwaka, maana likimfia yeye atalipata kwa jirani aliyempa.

Ila kuna jambo la kuangalia. Fimbo ya muhogo au rando la kiazi ni mwili ule ule wa mama, si mtoto mpya kama punje. Kama shina la muhogo lilikuwa na batobato au michirizi ya kahawia, kila pingili utakayokata inaondoka na ugonjwa huo, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Ndiyo maana mabwana shamba wanatusihi tusichukue mbegu ya muhogo kwenye shamba lenye majani yaliyojikunja. Na sisi tujiulize tunawapa nini watoto wetu pamoja na ardhi na jina la ukoo. Kuna nyumba ambamo kipigo kimepita kutoka kwa babu kwenda kwa baba, kutoka kwa baba kwenda kwa kijana, kama pingili zilizokatwa kwenye shina moja. Kijana anasema, “Ndivyo tulivyo sisi.” Hapana, mwanangu. Ndivyo shina lilivyougua. Mungu wetu anajua kumpa mtu mwanzo mwingine.

Huo mwanzo mwingine una sura yake shambani: kubebesha. Wengi wenu mmeona kazi hii tangu Manyoni walipoanzisha mashamba makubwa ya korosho, kama lile la pamoja kule Masigati. Fundi anachukua mche uliooteshwa kwa mbegu, wenye mzizi wake imara, anaukata kichwa. Anachana ule mkato katikati. Kisha anachukua kikonyo kutoka mti uliothibitika kuzaa vizuri, anakichonga mfano wa kabari, anakiingiza kwenye ule mpasuko. Siri yote iko chini ya gome: kuna utando mwembamba wa kijani, na utando wa kikonyo lazima uguse utando wa shina. Usipogusa, hata ukifunga vipi, kikonyo hukauka. Fundi akishalinganisha, anazungushia utepe wa nailoni, anakaza, na kuuweka mche kivulini. Baada ya wiki chache vidonda viwili vimekuwa mti mmoja.

Mtume Paulo aliwaandikia Warumi habari za kazi hii. Lakini mkulima akisoma sura ya kumi na moja atashtuka, maana Paulo ameigeuza. Sisi tunachukua kikonyo bora tunakiweka juu ya shina gumu, hata la mwitu, kwa kuwa tunataka matunda ya kikonyo. Paulo anasema Mungu alichukua tawi la mzeituni mwitu akalibebesha kwenye mzeituni mwema, na mwenyewe anakiri kuwa jambo hilo ni kinyume cha asili. Kwa kawaida mkulima hafanyi hivyo, maana tawi la mwitu litaendelea kuzaa vitunda vyake vidogo. Mungu alifanya, kwa sababu kwake tawi halikuchaguliwa kwa ubora wake. Liliokotwa, likapewa mzizi ambao halikuustahili, na utomvu wa mzizi ule ukalibadilisha. Ndiyo maana Paulo anaonya tawi lisijivune. Na alama ya kubebeshwa haifutiki. Uende kwenye mkorosho wa miaka mingi, uiname, utaona kwenye shina mahali palipoungwa. Mtu wa Kristo naye ana alama hiyo. Hana sababu ya kuificha.

Sasa tuje kwenye kisiki, maana ndipo moyo wangu ulipo zaidi.

Ukienda kusini, njia ya Itigi, mwezi huu utaona miyombo imeanza kuvaa majani mapya, mengine mekundu kama shaba, wakati hakuna tone lililoanguka. Mti unatoa majani kwa akiba iliyo mizizini. Katikati ya misitu hiyo upo mninga. Ukiupiga panga unatoa utomvu mwekundu, na mtoto anayeuona mara ya kwanza husema mti unatoka damu. Mninga mdogo una maisha ya ajabu. Unaota wakati wa mvua, unafika kimo cha kiganja au zaidi, kiangazi kikija shina lote linakauka. Mwaka unaofuata unachipua tena, na kiangazi unakauka tena. Inakuwa hivyo kwa miaka kadhaa. Mpita njia angesema mche huu umeshindwa. Kumbe kila mwaka chini ya ardhi mzizi unanenepa, na siku ukiwa na nguvu ya kutosha mche huenda juu, haurudi tena. Mbao za milango yetu na meza ya Bwana zinatoka kwenye mti uliokauka mara nyingi kabla ya kusimama.

Kisiki nacho ni hivyo hivyo. Mwaka 1983 huko Maradi, nchini Niger, mmisionari Mwaustralia Tony Rinaudo alikuwa amechoka. Alikuwa amepanda miche kwa miaka na mingi ilikuwa imekufa. Siku moja alisimamisha gari kwenye mchanga kupunguza upepo wa magurudumu, akaona kijichaka jangwani. Alikisogelea, akayatambua majani. Hakikuwa kijichaka, kilikuwa mti uliokatwa, unaochipua kutoka mizizi yake ya zamani. Akaelewa kwamba nchi yote ile iliyoonekana tupu ilikuwa na msitu uliolala chini. Hakuhitaji kuleta miti, alihitaji kuiacha iliyopo isimame. Wakulima wa Niger walipoishika njia hiyo, zaidi ya hekta milioni 5 zilirudia miti. Mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Jirani zetu Wasukuma wa Shinyanga wamerudisha ngitili zao, yaani malisho wanayoyatenga na kuyahifadhi, tangu mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986, na Dodoma wakulima wanaiita kazi hii kwa jina zuri kuliko yote: kisiki hai.

Kazi yenyewe haihitaji fedha. Unatafuta kisiki kinachochipua. Usipokigusa kitabaki kichaka, maana machipukizi ishirini yanagombea mzizi mmoja na mbuzi anayarudisha chini kila siku. Kwa hiyo unachagua mawili au matatu yaliyonyooka, unapogoa mengine, unapunguza vitawi vya chini. Kisha unafunga kitambaa kama alama, ili mchungaji wa mifugo na mwenye panga wajue kwamba mti huu una mtu. Halafu unalinda. Kwa kuwa mzizi ni wa zamani na umeshafika kwenye maji, chipukizi la kisiki hukua haraka kuliko mche wowote utakaouleta na gari.

Nakiri mbele yenu kosa langu. Nilipofika hapa tulipanda miche kuzunguka kanisa, tukapiga picha, tukaimba. Kiangazi kilipopita iliyobaki hai ilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Na ili tupate nafasi ya kuipanda, nilikuwa nimeagiza visiki ving’olewe.

Nimefanya hivyo hivyo kwa watu. Nimehangaika kuleta wapya, huku wako waliobatizwa hapa, walioimba kwaya hapa, waliokatwa na jambo fulani: ndoa iliyovunjika, maneno makali barazani, deni, aibu ya binti aliyepata mimba, na sisi tukawahesabu kuwa wamekufa. Wako hai, na mzizi wao uko chini ya sakafu hii. Kanisa letu lenyewe liliwahi kuwa kisiki. Wamisionari wa Leipzig walianza kazi Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, vita ikawaondoa. Mwaka 1926 wamisionari wa Kilutheri wa Augustana kutoka Marekani wakaja wakaishika kazi pale ilipokatwa, na leo sisi ni Dayosisi ya Kati. Tusiwe wa kwanza kuwadharau wenye makovu.

Lakini naomba mnisikie vizuri, hasa mlio na uchungu mpya. Sisemi jeraha ni zuri. Tawi likikatwa likaachwa juani, ni kuni. Kikonyo kisipofungwa kinakauka. Kisiki kikichimbuliwa mizizi ili kuchoma mkaa, hakuna kitakachochipua. Asije mtu akamwambia mjane ashukuru kwa kukatwa. Tumekosea sana hapo. Mama anazika mume Jumatano, Jumapili tunamsimamisha atoe ushuhuda, tunamwambia ajikaze, arudi kwaya, awe mfano. Tunampanda kidonda kikiwa kibichi. Bibi wa minyaa alijua kuliko mimi: kuna majira ya kulala kivulini, na kanisa ndilo linalopaswa kuwa upenu ule. Kuleta unga na kuni bila hotuba ni kivuli, sawa na kukaa kimya mkekani pamoja naye. Baadaye kigaga kitakuja chenyewe, na baada ya kigaga, mzizi.

Ayubu, akiwa ameketi kwenye majivu, aliutazama mti uliokatwa akauonea wivu. Aliona mti una tumaini, kwa kuwa harufu ya maji tu hutosha kuuchipusha, lakini mtu akifa aliona haamki. Akabaki na swali lake, kama mtu akifa ataishi tena. Biblia haikumjibu siku ile. Jibu lilikuja miaka mingi baadaye, kwa yule ambaye Isaya alimwona kama chipukizi kutoka kisiki cha Yese. Alikatwa. Hakuachwa juani. Yusufu wa Arimathaya akaomba mwili, akaufunga sanda, akaulaza mahali penye kivuli, na wanawake wakakaa wakielekea kaburi. Siku ya tatu alifufuka, na Tomaso alipotaka kumtambua, Bwana alimwonyesha mahali alipochomwa. Hakufufuka bila alama. Ayubu, na wewe uliyeuliza swali la Ayubu usiku huu, uzima ule unatokea pale pale alipokatwa.

Wiki hii naomba kila nyumba ifanye mambo mawili. La kwanza, kabla ya kutifua shamba, tafuta kisiki kimoja kinachochipua, ukitunze, ukifunge kitambaa, na uwaambie watoto jina la mti huo. La pili, taja mbele za Mungu jina la mtu mmoja aliyekatwa, kisha umtembelee. Usimpelekee shauri. Nenda ukae.

Tuombe. Ee Bwana, uliyetubebesha kwenye mzizi tusioustahili, walaze kivulini pako wote ambao kidonda chao bado kibichi. Tupe subira ya mninga, na macho ya kutambua uhai ulio chini ya ardhi kavu. Visiki tulivyovidharau tufundishe kuvilinda. Tupe mvua kwa wakati wake, kwa Yesu Kristo, aliyefufuka na alama zake. Amina.